Riziki ya Pugi

Ndani ya magofu ya Gede, kusini ya Malindi, kuna vyumba visivyokaliwa na mtu tangu karne ya 17. Wenyewe walipoondoka, msitu uliingia bila kubisha hodi. Mizizi ilipenya katikati ya kuta za matumbawe, mapaa yakaporomoka, malango yenye matao yaliyochongoka yakabaki wima bila wa kumfungia wala wa kumfungulia, na sakafu ambazo zamani zilipigwa chokaa zikang'ara sasa zimefunikwa majani makavu. Juu ya majani hayo hutembea ndege mdogo, urefu wake kama shibiri moja toka ncha ya mdomo hata ncha ya mkia. Mgongo wake una rangi ya udongo, kidari chake ni cheupe pe, na bawani ana madoa ya giza yanayometa kijani jua likiyapata kwa upande. Hachakuri. Huenda hatua fupi za haraka, kichwa kikitangulia na kuungoja mwili, akapindua jani kwa mdomo, akadonoa, akasonga. Wachimbuaji walioanza kazi hapa mwaka 1948 wakiongozwa na James Kirkman walifukua shanga na vigae vya kauri ya Kichina, vitu vilivyowaponyoka watu mikononi siku ambazo mji ulikuwa hai. Ndege huyu naye ni mtafutaji wa vilivyoanguka, ila yeye hutafuta vilivyoanguka leo.

Wapwani humwita pugi. Ni mdogo katika ukoo mkubwa wa njiwa, ukoo wenye spishi zaidi ya 300 duniani, wakiwemo tetere wa mashambani, ninga wa kijani wanaogombania kuyu matawini, na njiwa wa mjini wanaolala kwenye madirisha ya misikiti. Katika Afrika kusini ya Sahara pugi wako wa aina tano. Pwani yetu husikika sana wawili: huyu mwenye kidari cheupe, anayependa kivuli kizito cha msitu, na mwenzake mwenye madoa ya zumaridi bawani, anayestahimili vichaka vikavu. Huyu wa kidari cheupe ameenea toka Senegali hadi Ethiopia na kushuka hadi Afrika Kusini. Yuko Unguja na Pemba, yuko hata Komoro katikati ya bahari. Mabawa anayo, tena ya nguvu. Ukimkaribia hutulia tuli mpaka jicho likashindwa kumtenga na majani. Ukizidi kusogea huondoka kwa mshindo, wekundu wa mabawa ukiwaka mara moja, naye amekwisha kupita kati ya mashina na kupotea. Hapo ndipo linapozaliwa swali ambalo halinibanduki: kiumbe aliyepewa anga lote, kwa nini siku yake aipitishe ardhini?

Sisi tumezoea kuipima heshima kwa urefu. Tunasema fulani amepanda cheo, fulani ameshuka hadhi. Mwana tunamwombea ainuke, na aliyeanguka tunamsikitikia. Hata tukiingia msituni macho yetu hukimbilia vilele, tukauhesabu utukufu wa mti kwa umbali wake na sisi. Na ile methali ya aliye juu mngoje chini hutoka midomoni mwetu kwa kinyongo. Twaitumia kumtisha mwenye kiburi, kana kwamba kushuka hakuwezi kuwa jambo jingine ila adhabu. Pugi ameishi methali hiyo kwa maana iliyo safi zaidi. Humngoja chini kila aliye juu, pasipo uadui wala husuda. Kuyu lililoiva litashuka. Mbegu itashuka, ua litashuka, jani litashuka, na tawi lenyewe litashuka siku yake ikifika. Huko juu hondohondo na kima hula kwa fujo, huuma tunda mara moja na kulitupa, na kila karamu ya matawini ina mlango wake wa chini. Anayengoja mlangoni hapo hajashindwa na maisha. Ameujua mwenendo wa msitu, kwamba kilichopanda kwa maji na mwanga kitarudi kwa uzito wake chenyewe, na kwamba mwenye subira atakikuta.

Ubavuni mwa Gede uko msitu wa Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba zipatazo 420, kipande kikubwa kuliko vyote kilichosalia cha msitu mkavu wa pwani ya Afrika Mashariki. Ndani yake imo miti ya mrihi inayosimama kwa nafasi katika mchanga mweupe, imo mibambakofi, imo vichaka vilivyosokotana hata nuru inaingia kwa kuomba. Kiangazi kikikaza, maganda ya mrihi hupasuka kwa mlio mkavu na kuzirusha mbegu mbali na shina lililozizaa. Mvua za masika zikija, majani yaliyolala miezi kadhaa huloa, huota ukungu na uyoga, hugeuka mboji. Katika tabaka hilo ambalo mguu wa mtu hulikanyaga bila kulitazama, sange mwenye kiuno cha dhahabu hupitisha pua yake ndefu akisaka wadudu, naye ni mnyama ambaye karibu wote waliobaki duniani wako katika msitu huu na vipande vya jirani. Kororo hupita kwa makundi wakipekua kwa makucha. Mchwa hufanya kazi usiku na mchana. Wengi wetu tumelelewa na fagio: uwanja hufagiwa alfajiri mpaka mistari ya chelewa ionekane mchangani, na jani lililodondoka usiku huwa aibu ya mwenye nyumba. Uwanjani adabu hiyo ni njema. Msituni, mahali palipofagiwa ni mahali pa njaa. Kile ambacho jicho la mjini linakiona taka ndicho ghala, na ufunguo wa ghala hilo hauko mikononi mwa mtu yeyote.

Sitaki kumvika pugi sifa zisizo zake. Tunapenda kusema kwamba ndege hupanda miti, na wako wanaofanya hivyo kweli, wale wanaomeza tunda na kuiachilia mbegu ikiwa salama mbali na mti wake. Pugi si mmoja wao. Mbegu ikishapita kooni mwake huingia katika firigisi yenye vijiwe, ikasagwa, ikawa unga. Kila punje anayoiokota ni mti ambao hautaota. Hula hata mbegu za mbarika, ambazo mtu akizitafuna zaweza kumuua. Basi yuko wapi wema wa msitu, ikiwa anayekula chini yake anaangamiza watoto wake? Nimelizunguka swali hili mara nyingi, na jibu nilipatalo liko katika hesabu ya mti wenyewe. Mti mmoja, katika umri wake wote wa makumi ya miaka, unahitaji kuacha mrithi mmoja tu ili msitu usipungue. Kwa ajili ya huyo mmoja unaangusha maelfu. Waliobaki wote, tangu mwanzo, walikuwa chakula: cha pugi, cha panya, cha sisimizi, cha ukungu, cha udongo. Mti hauna njia ya kujua ni punje ipi itakayouinua ukoo wake, kwa hiyo unatoa zote kwa moyo mmoja. Ubahili ungeukomesha. Ule tunaouona kuwa hasara ndio ujira ambao mti unailipa dunia iliyoubeba.

Na punje hizo zilizosagwa haziishii tumboni mwa pugi. Ndege wengi wala nafaka hulazimika kuwatafutia makinda yao wadudu, kwa sababu kinda halijengeki kwa mbegu kavu. Njiwa walipewa njia nyingine. Kiota cha pugi ni vijiti vichache vilivyopangwa juu ya panda la tawi au kwenye kichaka, vyembamba hata mtu hushangaa vinavyostahimili upepo, na ndani yake huwa na mayai mawili. Makinda yakitoka, baba na mama, wote wawili, hutengeneza katika kifuko cha kooni chakula kizito mfano wa jibini, chenye mafuta na protini, ambacho wataalamu hukiita maziwa ya njiwa. Hayatoki kwenye chuchu. Utando wa ndani wa kifuko hicho huvimba, ukakatika vipande vipande, na vipande hivyo ndivyo mlo wa kinda kwa siku zake za kwanza. Nikilifikiri jambo hili hunyamaza. Mbegu ilidondoka kutoka kwenye mti, ndege akaiokota, kisha mwili wa ndege nao ukajidondosha ili kulisha kilicho chini yake. Mama ananyonyesha na baba ananyonyesha, na hakuna katika huo mlolongo aliyetoa kilichomzidia. Kila mmoja ametoa kipande cha nafsi yake.

Wazee wetu, Waislamu na Wakristo, wamewatumia ndege kutufundisha tawakali. Tumeambiwa kwamba ndege hutoka kiotani asubuhi tumbo likiwa tupu na hurudi jioni ameshiba. Tumeambiwa pia kwamba hawapandi wala hawavuni, na bado wanalishwa. Mafundisho hayo tumeyasikia tangu utotoni, tukayageuza faraja ya mtu aliyekaa kitako. Mtazame pugi kwa saa moja, utayasikia upya. Huyu anayetajwa kuwa amelishwa hajaketi. Ametembea toka kucha, jani kwa jani, akiwa peke yake au na mwenzake mmoja, akipekua eneo ambalo jana alilipekua, kwa imani kwamba usiku umeliongezea kitu. Wenyeji husema riziki ya mbwa iko miguuni mwake. Ya pugi pia iko miguuni. Tawakali yake ina jasho ndani yake. Hajui tunda lipi litaanguka wala saa ngapi, lakini kazi ya kuwapo mahali linapoanguka ameifanya. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chake ni kidogo: punje chache, mchwa wawili watatu, kikonokono kilichojibanza chini ya ganda. Akishiba hapandi juu kutangaza. Hurudi kivulini.

Watu wengi wanaokaa jirani na msitu wamemsikia pugi miaka mingi kuliko walivyowahi kumwona. Akitaka kulia huacha ardhi, akatua kwenye tawi lisilo mbali, na hapo huanza taratibu kana kwamba anasita: sauti moja nzito, kimya, nyingine, kimya, kisha zinakaribiana, zinashikana, zinakimbia mfululizo mpaka zinafifia. Ni sauti ya chini, na sauti za chini ndizo zinazopita vizuri kati ya majani mengi bila kutawanyika. Inakufikia ikiwa kamili lakini haikuambii imetoka wapi. Unageuka kulia, iko kushoto. Unasogea, inarudi nyuma. Kusini mwa Afrika watu wameusikia mlio wa pugi mwenye madoa ya zumaridi kuwa kilio cha yatima: mama amekufa, baba amekufa, ndugu wote wamekwisha, na kilichobaki ni moyo unaodunda, du, du, du, du, mpaka unachoka. Ndege mwenyewe, kwa tunavyojua, anatangaza mipaka yake na kumwita mwenzi. Ila sikio la mwanadamu halikuokota huzuni hiyo hewani. Wanaokaa karibu na ardhi huona mapema ardhi inapobadilika, na watu waliozika wengi waliisikia katika koo la ndege lugha ambayo wao wenyewe walikuwa wakiitafuta.

Huzuni hiyo ina ushahidi mbali na hapa. Katika msitu wa Atlantiki, kusini mashariki ya Brazili na kuingia Paraguai na Ajentina, aliishi njiwa mdogo wa ardhini mwenye mistari ya zambarau bawani. Riziki yake ilikuwa mbegu za mianzi. Mianzi ya huko haizai kila mwaka. Hukaa miaka mingi ikiota kimya, kisha eneo zima hutoa maua pamoja, huangusha mbegu tele, na hufa. Njiwa huyo aliishi kwa kufuata neema hiyo, leo bonde hili, mwaka mwingine mlima ule, maana katika msitu mzima kila wakati palikuwa na mahali mianzi inaangusha. Kisha watu wakaukata msitu kwa mashamba, malisho na miji, ukabaki vipande vipande. Vipande vingine bado vina mianzi, na mianzi bado inaangusha mbegu. Kilichotoweka ni njia kati ya kipande na kipande. Njiwa yule hajaonekana kwa uhakika tangu miaka ya 1980, na wanaomjua wanahofu kwamba hayupo tena duniani. Kisa chake kinanifunza kwamba anayeishi kwa kinachoanguka hahitaji mti mmoja, hata ukiwa mti mkubwa uliolindwa kwa ua na kibao. Anahitaji paa zima la msitu. Riziki ndogo hivi inategemea kitu kikubwa mno.

Ila sitaki kukiacha kisa hicho bila nduguye. Katika nchi hiyo hiyo ya Brazili, njiwa mwingine mdogo, mwenye macho ya buluu, alipotea machoni pa wataalamu tangu mwaka 1941. Mwaka 2015, katika jimbo la Minas Gerais, mtaalamu wa ndege Rafael Bessa alisikia mlio asioutambua. Hakuupuuza. Alirudi mahali pale, akaurekodi, akaucheza, na ndege akajitokeza. Zaidi ya miaka 70 watu walikuwa wamemtafuta kwa macho, na aliyemfikia alitanguliwa na sikio. Idadi yao ni ndogo na mazingira yao yamezungukwa na hatari, lakini wapo, na tangu hapo ardhi imetengwa kwa ajili yao. Ninapokisoma kisa hicho nawafikiria watoto wa vijiji vyetu wanaoweza kukuambia, macho yamefumbwa, yule ni pugi, yule ni hua, yule ni shorwe. Ujuzi huo ni hazina ya umma. Siku kizazi kitakapokuwa hakitambui sauti zinazotoka msituni, sauti hizo zitaweza kuzimika moja baada ya nyingine na pasiwe na mtu wa kuuliza.

Wako pia njiwa walioiamini ardhi kupita kiasi, na bahari yetu hii ya Hindi inamjua mmoja. Dodo wa Morisi alitokana na njiwa waliofika kisiwani kwa mabawa. Mwaka 2002 utafiti wa DNA ulionyesha kwamba jamaa yake wa karibu zaidi aliye hai ni njiwa wa Nicobar. Kisiwani hapakuwa na mnyama wa kumwinda, basi vizazi kwa vizazi mabawa yakapungua, mwili ukakua, ndege akawa wa ardhini moja kwa moja. Waholanzi walitia nanga mwaka 1598. Pamoja na wanadamu walikuja panya, nguruwe na nyani, wakayafikia mayai yaliyotagwa chini. Taarifa ya mwisho inayokubaliwa na wengi ya kumwona dodo akiwa hai ni ya mwaka 1662. Watu wamemfanya mfano wa upumbavu, na kila nisikiapo hivyo naona tumemdhulumu marehemu. Hakuwa mjinga. Aliiamini ardhi kwa sababu ardhi, kwa maelfu ya miaka, ilikuwa haijamsaliti. Usaliti tuliuleta sisi majahazini. Pugi amebakiza mabawa yake, na kila anapoondoka kwa mshindo mbele ya miguu yetu anatuonyesha kile ambacho dodo hakupata muda wa kujifunza: kwamba tunapoingia sisi, aliye chini sharti awe tayari kukimbia.

Je, ni lazima iwe hivyo? Pwani ya Kenya, kwa umbali wa takriban kilomita 200, kuna misitu midogo ya vilimani na kando ya bahari inayojibu kwamba si lazima. Ni kaya za Wamijikenda. Zilianzishwa tangu karne ya 16 zikiwa vijiji vilivyozungukwa na msitu, na kufikia miaka ya 1940 watu walikuwa wamehamia nje, lakini hawakuuachia msitu ukatwe. Walikuwa wamewaacha humo wazee wao waliozikwa na maombi yao. Kukata mti wa kaya ni mwiko, na mwiko huo umelindwa na wazee wa kaya kwa kiapo na kwa heshima kabla hapajawa na askari wa misitu. Kaya Kinondo, karibu na Diani, mgeni hufungwa kaniki kabla ya kuingia, hutakiwa asipaze sauti, na hutoka mikono mitupu. Mwaka 2008 UNESCO iliziorodhesha kaya hizi katika Urithi wa Dunia. Sheria ya kaya haikutungwa kwa ajili ya ndege. Ilitungwa kwa ajili ya wafu, na katika kuwastahi wafu ikawahifadhi walio hai wote wanaokaa chini: mchwa, konokono, kikuyu kinachoota, pugi anayetembea kati ya makaburi. Pale ambapo mtu amekatazwa kuinua mkono, kinachoanguka kinapata kuanguka salama.

Nje ya kaya mambo ni mazito zaidi, na si haki kuyazungumza bila kuwataja watu. Wako kina mama wanaoingia msituni kuokota kuni zilizokauka, na jiko lao linawaka kwa kilichoanguka. Wako wavulana wenye manati na tanzi, ambao pugi mmoja ni kitoweo cha siku isiyo na samaki. Siwezi kuwatazama hao nikawaita maadui wa msitu. Wako chini kama pugi alivyo chini, na wamesoma kitabu kile kile cha kungoja. Kuokota na kukata ni matendo mawili tofauti. Anayeokota huupokea mti ulivyoamua kujitoa, kwa saa yake, na kesho mti utakuwa bado upo wa kumpa tena. Anayekata huvunja ghala ili achukue mlo wa siku moja. Na mara nyingi shoka linaloliangusha gogo kwa ajili ya makaa au mbao linakwenda kwa amri ya mtu aliye mbali, asiyeokota kuni wala kutega ndege, anayeujua msitu kwa idadi ya magunia. Bandu bandu huisha gogo, na msitu nao huisha hivyo hivyo, kipande kwa kipande, mpaka paa likitoboka mahali pengi, jua hulifikia tabaka la majani, likalikausha, na ghala likafungwa kwa wote: kwa ndege na kwa mama mwenye mzigo wa kuni kichwani.

Wapo watakaosema kwamba habari hii ya kuishi kwa kinachoanguka ni wimbo wa kumliwaza maskini, ajiridhishe na makombo ya meza ya wakubwa. Hofu hiyo naiheshimu, maana tumeona vya kutosha: mali inayorundikwa juu, na walio chini wakiambiwa wasubiri, wakasubiri mpaka wakafa. Lakini meza si mti. Kutoka mezani huanguka kilichokataliwa na aliyeshiba, kimeumwa na kimetemwa. Mti huangusha kilicho bora kuliko vyote ulivyonavyo. Ndani ya ile punje ambayo pugi anaidonoa umefungwa mti mzima, kazi ya mvua nyingi na jua jingi, akiba ambayo mama aliitia kwa ajili ya mwanawe. Hiyo ndiyo inayotolewa kwa kila apitaye, bila kuuliza jina wala kabila wala kama anastahili. Kima akiacha nusu ya tunda, nusu hiyo ilikuwa ya mti kabla haijawa yake. Pugi halishwi kwa huruma ya walioko juu yake. Analishwa na utaratibu ambao unawalisha wao pia, na ambao haukumpa yeyote kati yao hati ya umiliki.

Kwa hiyo sikubali msitu uhesabiwe kwa mbao peke yake, wala kwa kaboni peke yake, ingawa hesabu hizo zina kazi yake. Nataka uulizwe pia swali la pugi: hapa, kwa siku moja, kunaanguka nini, na wangapi wanashiba? Msitu unaoweza kujibu vema umetimiza kazi yake hata kama hakuna gogo moja lililouzwa. Na swali hilo halikomei msituni. Shule, ofisi, msikiti, kanisa, serikali, nyumba ya mtu mwenye kipato: kila kimoja kimeinuka kwa maji yaliyotoka ardhini, na kila kimoja kinaweza kuulizwa kimeiangushia nini ardhi hiyo. Mwalimu anayefundisha yote ajuayo bila kujiwekea siri ya ujuzi ameuelewa mti. Mzee wa kaya anayekesha juu ya kilima ambacho hatakiuza ameuelewa. Anayetoa masalio tu bado hajaanza. Kila aliye juu atashuka, hilo tunalijua wote. Lililo katika uwezo wetu ni kuamua tutaangusha nini kabla ya kushuka wenyewe, na kuhakikisha kwamba kitakapomfikia aliye chini bado kina mti ndani yake.